Likizo Niliyoikatisha

Bosi wangu wa Gitega, mama wa Kiislamu mwenye karakana ya kushona sare za shule, alinifukuza kazini kwa mwezi mmoja. Ndivyo nilivyoona mimi. Yeye aliita konje, yaani likizo.

"Dada, we uko na siku mingi za konje, hujachukua hata moja," aliniambia. "Iko haki yako. Mi sitaki inspekta wa kazi aje kuniuliza kwa nini sikupumzishi."

Nikamwomba anilipe tu hizo siku, niendelee kushona. Akacheka. Siku za kupumzika zinalipwa mtu akiacha kazi, akasema, sasa we unaacha? Mimi niache? Thubutu!

Basi nikaenda Muyinga kwa baba. Cherehani yangu akapewa mjane mmoja wa Itaba, akaahidiwa kazi mpaka mwezi wangu uishe.

Muyinga nilikaa kama mtu aliyeacha chungu motoni. Nilipalilia, nikachota maji, roho iko Gitega. Jioni moja baba akauliza, "Nani amekaa kwenye cherehani yako?" Nikamweleza. "Anajua kushona?" Anajua sana, nikasema. Baba akaniambia nirudi.

Baba yangu ana sababu zake. Miaka yote tulipokuwa wakimbizi Tanzania, alikuwa akilitaja shamba lake. Tuliporudi tukakuta mama jirani analilima. Hakugombana nasi. Aliomba tu avune kwanza maharagwe yake, yalikuwa yameshatoa maua. Baba akakataa: shamba ni langu. Na kweli lilikuwa lake, hakuna aliyebisha. Mimi nilikuwa msichana, nikamtazama yule mama akiondoka na jembe begani, nikaona aibu. Nikajiapiza kwamba mimi sitakuwa hivyo. Maneno hayo jamani!

Hata wiki haijaisha nikapanda gari la Gitega. Nilimkuta mama wa Itaba kwenye kiti changu, amekalia kitenge alichokikunja ili aifikie cherehani vizuri. Mbele yake mashati yamekatwa safi, chaki bado inaonekana.

Bosi akashangaa. "Konje yako haijaisha!"

"Nimepumzika, imetosha."

Akainua mabega. Cherehani ya ziada hana, wala kazi ya mtu wa ziada.

Yule mama akainuka. "Dada, niachie nimalize tu haya niliyokata."

"Cherehani ni yangu," nikasema. Lo! Cherehani yenyewe ni ya bosi.

Yule mama alichukua kitenge chake, akakikung'uta, akajifunga kiunoni, akatoka. Nilitaka kumwita. Badala yake nikakaa, kiti bado kina joto lake.

Maharagwe ya jirani tuliyala sisi, na yalikuwa matamu. Mashati ya mama wa Itaba niliyashona mimi, nikalipwa mimi. Wenzangu wananiambia niache kujitesa, kazi ilikuwa yangu kwa haki. Najua. Ndicho kinachoniuma, maana na baba alikuwa na haki.

Siku zangu zilizobaki bado zipo, bosi hachoki kunikumbusha. Juzi nikamwambia nitazichukua zote, ila amwite tena yule mama. Akamtumia mtu mpaka Itaba. Mama ameshukuru, amenisalimia vizuri, akasema hawezi kukaa tena kwenye kiti cha mtu.