Zawadi ya Lori la Msiba

Wakati wa vita ya pili ya waasi, matajiri wa maduka ya jumla pale Butembo waligundua kwamba sisi wachuuzi tumekuwa adimu. Bidhaa zilikuwa zikifika kwa njia ya Kasindi mpakani, zikitozwa kodi na kila mwenye bunduki, lakini zilifika. Walioadimika ni wanunuzi. Basi kila tajiri akatafuta namna ya kutufunga mguu tusiende kwa jirani yake, na namna yenyewe ikawa kadi ya karatasi ngumu. Ukinunua gunia la chumvi au katoni ya sabuni, unapigiwa muhuri. Kadi ikijaa, unapewa zawadi, nasi tukaiita matabishi, kama tunavyoita chochote ambacho muuzaji anakuongezea bure.

Mimi nilikuwa nauza mlangoni kwangu: sabuni ya vipande, chumvi ya kipimo, viberiti, mawese. Kwa biashara ya namna hiyo huwezi kujaza kadi mbili. Na kadi isiyojaa kabla ya Noeli ilikufa, ukaanza upya. Kwa hiyo ilibidi kuchagua duka moja na kulishikilia mwaka mzima, mvua inyeshe, bei ipande, mwenye duka akununie.

Duka la kwanza lilitoa kitenge cha yadi sita. La pili lilitoa mabati. La tatu lilikuwa la Mwislamu mmoja mwenye asili ya Beni, mtu wa magari, na yeye zawadi yake ilikuwa lori. Si kukupa lori, bali kukuazima kwa siku moja, pamoja na shofa wa kuliendesha na mazuti ya tangi, siku utakapopata msiba na maiti yako inapaswa kupelekwa kwao.

Asiye wa kwetu huenda asione thamani yake. Kwetu mtu hazikwi popote tu. Anarudishwa kwenye udongo wa jamaa yake, hata kama ni mbali, hata kama barabara ni matope matupu. Na mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia kutoka vijijini, wakafia kwenye vyumba vya kupanga. Sanduku seremala atakukopesha. Gari hakuna anayekukopesha.

Jirani yangu alichagua kitenge. Alikuwa na vitenge vingine ndani ya valizi yake ya safari, havijawahi kushonwa, kwa maana arusi za mwaka ule zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Lakini kile kitenge kilining'inia juu ya kaunta, chekundu na njano, na kila alipoingia alikishika. Sikumcheka. Watu wengi huchagua zawadi kwa macho. Mimi nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hadanganyiki kirahisi na vitu vinavyong'aa. Nilijiuliza swali moja tu: pesa zetu, zinazotoka tupende tusipende, zinakwenda wapi?

Hazikwenda kwenye nguo. Hazikwenda kwenye nyumba, maana tulikuwa wapangaji. Zilikwenda kwenye chakula, na zilizobaki zilikwenda kwenye misiba. Leo mchango wa gari la shemeji, kesho wa binamu wa Kamango, keshokutwa wa mtu ambaye hata sura yake siikumbuki. Zawadi inayokufaa ni ile ya kitu ambacho ungelipia hata bila zawadi. Nikachagua lori.

Mume wangu alikasirika. Alikuwa mwalimu, miaka ile mwalimu akilipwa na wazazi wa wanafunzi, kwa maharagwe zaidi kuliko pesa, na ndoto yake ilikuwa mabati.

"Bati tungeweka chini ya kitanda," akasema. "Siku vita itaisha, tunajenga."

"Na kama vita haiishe?"

"Wewe, mama ya batoto, roho yako iko nzito."

Kweli ilikuwa nzito.

Lakini aliyeumia hasa alikuwa mama mkwe wangu. Alikuja kwetu kutoka kijijini kwao Mutwanga, baada ya waasi wa mlimani kushuka na kuchoma nyumba za mtaa wao. Alimwacha mume wake kaburini kule, chini ya miti ya kahawa, na akaja na sufuria moja na kanga aliyovaa. Tangu afike aliishi kando ya mbabula, ameinamia makaa, akiilaani baridi ya Butembo na vumbi lake. Mchana kutwa alisema kwao kuna joto, kwao maji yanatoka mlimani yakiwa safi, kwao hata ndizi zinaiva zenyewe. Mimi niliyekuwa nachota maji ya foleni nilikuwa nasikia hayo huku ndoo iko kichwani.

Siku aliposikia nimechagua duka gani, aliuliza mara moja tu.

"Hiyo camion ni ya kubeba nani?"

"Si ya mutu, Mama. Ni ya siku ya matatizo."

"Humu nyumbani muzee ni nani?"

Jioni alikataa bugali. Kesho yake pia. Kwa macho yake nilikuwa nimekwenda sokoni nikamnunulia kifo kwa mkopo, nikaanza kukilipia kidogo kidogo, katoni kwa katoni. Kila niliporudi na gunia la chumvi begani alinitazama kana kwamba nimerudi na msumari mwingine wa sanduku lake. Ningeweza kubadili duka. Sikubadili. Nilimwonea huruma, lakini nilikuwa nimeshachoka pia kuona watu wangu wakizikwa ugenini kwa kukosa gari, na sikutaka yeye awe mmoja wao. Hilo sikuweza kumwambia, maana lingekuwa ni kukiri shutuma alizokuwa ananipa.

Kadi ilijaa kabla ya Noeli. Niliiweka kabatini bila kusema. Mama mkwe alikuwa amekonda, na kikohozi kilikuwa kinamwamsha. Tuliogopa, sote wawili, mimi na mume wangu.

Basi asubuhi moja, nikichambua maharagwe, mama mkwe akaja akakaa karibu yangu. Ilikuwa muda mrefu hajanisogelea.

"Ile camion, sasa iko yetu?"

"Iko yetu, Mama."

"Nataka kuipanda nikiwa na macho."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Mutwanga ilikuwa imetulia miezi kadhaa. Majirani wengine walikuwa wamerudi, wanalima. Yeye alitaka kulala kando ya mume wake, hilo halina mjadala. Lakini akienda akiwa maiti atafunikwa turubai, hataona kitu, watu watalia, yeye hatasikia. Mbona tusimpeleke sasa? Lori ni lile lile, barabara ni ile ile.

Mume wangu alikataa kabisa. Alisema watu watasema tumemtupa mama yetu kwenye vita ili tupunguze mdomo wa kula. Alisema mtoto wa kiume hampeleki mama yake kwa gari la maiti akiwa mzima, ni laana. Mama yake akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Wewe ubaki basi." Akabaki kweli.

Nikaenda dukani. Tajiri alikuwa mtu mpole, mwenye kofia nyeupe. Aliigeuza kadi, akaikagua mihuri yote, akaona iko sawa.

"Pole sana, maman. Nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa, patron."

Nilipomweleza alitikisa kichwa. Zawadi ilikuwa ya msiba. Kesho wengine watakuja kuomba lori la kubeba mihogo.

"Kwa hiyo kama ningekuja wiki ijayo nikilia, ungenipa?"

"Ningekupa."

"Na leo nakuja sijalia, unaninyima. Nikamwambie aende kufa kwanza?"

Alimwomba Mungu msamaha kwa Kiarabu, akapangapanga kalamu zake. Mwishowe akasema atatoa, lakini nielewe vizuri: kadi itakuwa imekwisha. Siku mama yetu atakapokufa kweli, nisirudi kwake na machozi. Mwaka wa kadi mpya ulikuwa mrefu, na kikohozi cha mama mkwe nilikuwa nakijua. Nilisimama pale nikijua nachagua nini: safari yake moja, akiwa hai au akiwa maiti, si zote mbili.

"Sawa," nikasema.

Tuliondoka alfajiri, ukungu bado uko vilimani. Shofa alikuwa mzee wa Beni, mtu wa maneno machache. Kabla ya kuwasha gari alikata matawi akayafunga mbele, juu ya taa, kama inavyofanywa kwa gari la msiba.

"Askari hawasumbui sana gari ya maiti," akanong'ona.

Mama mkwe aliyaona matawi yale, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje kwetu. Alikaa katikati yetu, sufuria yake mapajani. Tulipita Beni, tukashika njia ya Kasindi. Njia nzima aliongea. Aliongea juu ya mbuzi aliyemwacha kwa jirani, kama jirani atakubali kwamba alizaa. Aliongea juu ya magugu, na juu ya mwanamke fulani aliyemwibia jembe enzi za Wabelgiji. Kikohozi kilimshika, kikamwachia, akaendelea pale pale alipoishia.

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari mmoja kijana alizunguka lori, akachungulia nyuma, akakuta turubai tupu. Akarudi dirishani.

"Maiti iko wapi?"

Mimi nikaanza kutafuta uongo. Mama mkwe akainama mbele, akamtazama askari usoni.

"Ni miye."

"Mama, unasema nini?"

"Ni miye ndio maiti. Bananipeleka kwetu. Lakini kule nyuma kulikuwa baridi sana, nikaomba banikalishe mbele."

Yule kijana akarudi nyuma hatua kadhaa. Akamwangalia mwenzake aliyekuwa anakula muhogo wa kuchoma. Mwenzake akapaliwa kwa kicheko, akapunga mkono na muhogo wake tupite, "Kende! Kende!" Hawakudai hata sigara. Tulipokuwa tumekwenda mbali kidogo shofa akasema kwamba tangu aanze kazi hii hajawahi kupitishwa kizuizi na maiti yenyewe.

Mutwanga tulifika jua likiwa kali. Nyumba yake ilikuwa kuta nyeusi, lakini jikoni, kile kijumba cha nyuma, paa lilikuwa bado lipo, na jirani alikuwa akihifadhi humo kuni zake. Wanawake walitoka mashambani kwa sababu ya matawi, wakaja na nyuso za kilio, wakauliza nani. Walipomwona anateremka mwenyewe, mmoja alikaa chini njiani. Kisha zikapigwa vigelegele.

Alivua viatu. Akaomba maji, akanywa bakuli zima bila kupumzika. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye miti ile ya kahawa, akapiga magoti penye kaburi, akaanza kung'oa majani. Shofa alikuwa anapiga honi, kwa maana kupita kizuizi jioni si jambo la kuchezea. Nilimwita, "Mama, tunaenda." Akainua mkono wenye udongo bila kugeuka. Niliumia. Nilimlisha muda wote ule, nilichota maji yake, nilibishana kwa ajili yake na mume na tajiri, na yeye, badala ya kuniaga, alikuwa na majani ya kung'oa. Nililia ndani ya lori mpaka tukafika lami ya... hapana, lami haikuwepo. Mpaka tukafika Beni.

Mume wangu hakuniuliza kitu. Alinisaidia kushusha ndizi walizonipa, akaenda kusahihisha madaftari. Kwa muda mrefu jina la Mutwanga halikutajwa nyumbani. Kila pickup ilipoleta ndizi au kakao kutoka kwa mama yake, alikula na watoto wake.

Mama mkwe aliishi kule muda mrefu kuliko tulivyodhani sote. Kikohozi, walisema, kilipungua kwa joto. Kisha vita ikarudi upande ule, njia ikafungwa, ndizi zikaacha kuja. Habari tuliletewa na mtu wa pikipiki aliyezunguka kwa njia za shambani: mama alikufa, si kwa risasi, kwa ugonjwa tu, na majirani walimzika siku ile ile kando ya mume wake. Lori lisingefika hata kama tungekuwa na kumi.

Tulikaa matanga kwetu, bila maiti. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Walipokwisha kuondoka mume wangu alikuja jikoni, mahali ambapo hakuwa na desturi ya kuingia, akakaa kwenye kigoda.

"Siku ile, njiani," akasema, "alisema nini juu yangu?"

Nilitafuta. Niliipita barabara yote kichwani, Butembo mpaka Mutwanga. Mbuzi, magugu, jembe, askari. Hakumtaja mwanawe hata mara moja. Ningeweza kutunga, na ningetunga vizuri, lakini alikuwa ananitazama.

"Hakusema kitu," nikamwambia. "Alifurahi tu."

"Njia yote?"

"Njia yote."

Akasema ni vizuri. Kisha akajifunika uso kwa shati lake akalia, na maharagwe yakaungua hapo mbele yetu, nami sikuyaondoa motoni.