Jina Aliloitikia Mume Wangu

Ndugu yangu unayesoma, haya hata mama yangu nilimwambia nusu. Wewe nakuamini, nakupa yote.

Mimi mzaliwa wa Mingoyo. Niliolewa na mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, nikamfuata kwao. Alikuwa na majina mawili. Nyumbani Selemani. Kwenye karatasi Salomau, maana alipopelekwa shule Wareno walikuwa wameshaondoka, lakini karani alibaki na kalamu yao.

Asubuhi ile nilikuwa nakuna nazi, yeye anapiga pasi shati. Alikuwa mfagizi wa shule ya serikali.

"Leo anatoka nani?" nikamtania.

"Selemani ameshakula mihogo yako. Anayetoka ni Salomau, mwenye mshahara."

"Basi Salomau aniletee chumvi. Selemani msahaulifu."

Akacheka, akatoka.

Jua halijapanda sana tukasikia bunduki. Akarudi mbio kutuchukua, lakini vijana wenye bunduki walikuwa wameshika njia zote. Wakatukusanya uwanja wa msikiti, wanaume huku, wanawake kule. Binti yetu Zuhura nilimfunga mgongoni. Vijana wale walisema lugha zetu zilezile, na hilo ndilo lililonitisha.

"Watu wa serikali wasimame."

Hakusimama mtu.

Mmoja akatoa daftari la wafanyakazi wa shule. Lina majina tu, picha hamna. Selemani alikuwa ameshavua shati, amejifunga shuka ya jirani. Pale kijijini jina la Salomau hakulijua mtu. Akinyamaza, tumepona.

Wakasoma jina la kwanza. Kimya.

La pili. Kimya.

"Salomau."

"Prezenti!"

Ndivyo walivyofundishwa kuitikia shuleni, yaani nipo. Asiyeitika alichapwa. Mdomo ulitangulia akili. Nilimwona anauziba kwa kiganja, neno limeshatoka.

Wakamnyanyua.

Kijana mwingine akaja upande wetu, akanigusa bega kwa mtutu.

"Wewe. Huyu mumeo?"

Zuhura alikuwa ananipumulia shingoni.

"Mume wangu anaitwa Selemani," nikasema. "Hayupo hapa."

Akapita.

Walimpeleka njia ya mikoroshoni pamoja na wengine. Hakugeuka. Nadhani alijua akigeuka, macho yake yatatutaja.

Wanawake walituacha. Mimi na Zuhura tulitembea mpaka mtoni, tukavuka, tukafika Mingoyo, alhamdulillahi. Nikaenda kwa shehe kuuliza habari ya eda.

"Umeuona mwili, mama Zuhura?"

"Sijauona."

"Basi huwezi kukaa eda bado. Subiri."

Nasubiri. Zuhura sasa yuko darasa la tano. Mimi nimesoma masomo ya jioni, mwandiko wangu umenyooka, na jambo la kwanza kuandika ni hili. Watu wananiambia nilimwokoa mtoto, na ni kweli, Mungu ndiye shahidi. Lakini kila nikinyanyua mikono baada ya swala, nakumbuka kwamba karani alimpa jina la kumkamatia, na mimi nikalichukua lile la mapenzi, la kuitana jikoni, nikamkana nalo.

Kwa hiyo nakuomba, usibaki nayo peke yako. Msimulie mwenzio, naye amsimulie wa kwake, mpaka ng'ambo. Akionekana mwanaume wa makamo asiyesema kwao wapi, aitwe kwa majina yote mawili. Lolote atakaloitikia, aambiwe mkewe anajibu: nipo.