Mama Mkwe Wangu Alivyoingia Kwenye Faili la Hataza

Wakili mmoja msomi, mwenye muhuri na karatasi nzito, aliandika barua ndefu kueleza tofauti kati ya mashine ya mteja wake na mama mkwe wangu.

Si utani. Alimtaja hivyohivyo, "Mama Mkwe", kwa herufi kubwa, kama jina la kampuni.

Na aliyemwingiza mama wa watu kwenye mambo hayo ni mimi.

Tulieni niwaeleze kuanzia mwanzo, msije mkadhani nimechanganyikiwa.

Mimi ni mkaguzi wa hataza. Wengi hawaijui kazi hii. Hata mume wangu akiulizwa hujibu kwamba nipo ofisini, mambo ya karatasi. Hataza ni ile haki anayopewa mtu aliyebuni kitu kipya, wengine wasije wakamwibia. Analeta maombi, anasema hiki ni changu, hakijawahi kuonekana chini ya jua. Kazi yangu ni kuchimba mpaka nijue kama kweli hakijawahi kuonekana.

Yaani nalipwa kwa kutoamini watu. Nyumbani wanasema kipaji nilikuwa nacho toka zamani.

Nilianzia mapokezi ya ofisi hiyohiyo, nikipokea bahasha na kugonga mihuri. Nikajiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta. Nikasoma na mimba, nikasoma nikinyonyesha, na bado nasoma mpaka leo. Wakanipandisha juu kwenye ukaguzi, ila kwa majaribio.

Hilo neno "majaribio" ndilo lililokuwa linanikosesha raha. Nikifaulu, nathibitishwa. Nikiharibu, narudi kwenye bahasha zangu.

Bosi wetu tulimwita Mkato, maana hapitishi ukurasa bila kutia mkato mahali kwa kalamu nyekundu. Siku moja akanitupia faili mezani, akasema hilo ndilo litakaloamua niende wapi.

Juu limeandikwa: Mbinu ya Kugawa Uwezo wa Kompyuta kwa Programu za Mtandao Zilizomo Kwenye Makontena.

Kontena hapa si lile la bandarini. Hata mimi siku ya kwanza darasani nilidhani hivyo, wakanicheka hadi mwalimu akafuta machozi.

Ni programu iliyofungashwa na kila kitu chake. Kama mtoto anayekwenda kulala kwa bibi: nguo, chupa, blanketi, vyote kwenye begi moja, usisumbue watu ugenini.

Sasa chukua makontena kibao uyaweke kwenye kompyuta moja. Yote yanataka kula. Nguvu ni ileile, kumbukumbu ni ileile. Moja linadai fungu kubwa halafu halitumii. Jingine linadai kidogo, kisha linavamia la jirani. Ndiyo maana lazima awepo mgawaji. Na mgawaji mwenyewe ni programu tu, anakaa humohumo na wenzake, anakula humohumo.

Mwombaji alijigamba kwamba mgawaji wake hasikilizi kontena linaomba nini. Anaangalia limetumia nini siku zilizopita, anakata kulingana na hapo.

Nikasoma. Nikarudia. Nikasema, mbona huyu namjua?

Mkato alikuwa ametufundisha kwamba kabla ya kuandika ripoti, mkaguzi ajieleze uvumbuzi kwa lugha ya nyumbani. Ukishindwa, ujue hujauelewa. Basi nikafungua ukurasa mtupu nikajiandikia:

"Mama Mkwe hugawa chakula cha nyumba nzima kutoka sufuria moja. Haangalii mdomo, anaangalia sahani ya jana. Shemeji huomba mlima, akaacha nusu. Kesho yake hupewa kichuguu. Chiriku husema hana njaa, kisha akafuta sahani. Huongezwa bila kuomba. Anayechelewa hupewa kinachobaki. Kwa hiyo uvumbuzi huu si mpya. Upo jikoni kwetu tangu nilipoolewa."

Chiriku ni mwanangu, tunamwita hivyo kwa sababu ya mdomo wake.

Anayechelewa ni mimi.

Nikacheka peke yangu, nikaandika ripoti yenyewe kiofisi, maneno yamenyooka kama shati la harusi. Nikaambatisha nyaraka za ushahidi. Nikatuma.

Mmeshajua nilichofanya.

Palipotakiwa Waraka wa Kwanza, yaani ushahidi mkuu wa kumwambia mwombaji kitu chako si kipya, niliambatisha ule wangu.

Sikujua lolote mpaka Mkato aliponiita. Nikamkuta na barua ya wakili, kalamu nyekundu ameiweka chini. Kalamu ikiwa chini, ujue kimenuka.

"Kaa, binti," akasema. "Jiko la mama mkwe wako liko wazi kwa umma?"

Nilidhani ananikejeli. Kumbe ni swali la sheria: jambo linalofanyika kwa siri halihesabiki kuwa limejulikana. Nikamjibu ukweli, kwamba majirani wote hupita pale kuomba chumvi na kuondoka na habari.

Akaliandika.

Nikaanza kuomba msamaha. Akanyoosha kiganja. Akasema msamaha haufuti waraka, kilichoingia kwenye faili hakitoki. Wakili angeweza kucheka, angeweza hata kutushtaki kwa dharau. Badala yake amejibu hoja. Na hoja ikijibiwa, ofisi nayo lazima ijibu.

Nikapewa barua nisome. Nilisoma huku masikio yakiwaka moto.

Wakili alikubali kwamba Mama Mkwe naye hugawa kwa kuangalia matumizi ya nyuma, tena akamsifu. Lakini, akasema, mgawaji wa mteja wake ana jambo moja ambalo Mama Mkwe hana. Kabla ya kumpa yeyote chochote, hujitengea fungu lake mwenyewe.

Aliandika hivi: "Mgawaji asiyejitengea hudhoofika polepole bila mtu kugundua, na siku akianguka, makontena yote huanguka naye. Waraka wa Kwanza hausemi popote kwamba Mama Mkwe hujitengea, wala nyaraka nyingine hazigusi jambo hilo."

"Sasa," Mkato akasema, "hujitengea au hajitengei?"



Miaka yote hiyo kwenye nyumba moja, na sikuwa na jibu.

Kwani mama ana sheria yake: akipakua, jikoni hakai mtu. Husema macho mengi hupunguza chakula. Sisi hupokea sahani tu mezani. Yeye huja baadaye, au haji, anasema ameshakula. Nami jioni nyingi nipo darasani. Nikirudi nakuta bakuli langu la bluu juu ya kabati, limefunikwa na kisahani chenye pengo. Mabaki yangu. Niliwahi hata kumlalamikia dada yangu kwenye simu kwamba nimeolewa kwa watu ambao mimi ndiye wa mwisho kukumbukwa.

Mkato akanipa mpaka Ijumaa. Kama mama hujitengea, basi uvumbuzi si mpya kweli, ripoti yangu inasimama na kituko kinageuka kuwa umakini. Kama hajitengei, nilimkatalia mtu haki yake kwa ushahidi wa sufuria. Nikajua hapo majaribio yangu yanaishia wapi.

Kumuuliza mama sikuweza. Ungemuulizaje mama mkwe wako, eti mama, wewe huwa unajitengea lini? Unaachika mchana kweupe.

Nikaamua kuchungulia.

Siku hiyo nikakacha darasa. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, kama mwizi wa kuku, nikajibanza nyuma ya pazia la stoo. Mkaguzi kazini.

Mama akafunua sufuria. Mvuke ukapanda. Hakuita mtu, hakuonja. Akazamisha upawa katikati kabisa, pale penye minofu, akajaza bakuli, akalishindilia kwa mgongo wa upawa. Akalifunika, akaliweka juu kabisa, mbali na mikono.

Kabla ya mtu yeyote. La kwanza kabisa.

Nimempata. Mama wa watu anajitengea kama mashine. Nikaona barua yangu ya kuthibitishwa hii hapa, na palepale hasira ikanipanda. Kumbe miaka yote mimi nalambishwa mabaki, mwenzangu ana akiba kabatini?

Akapakua za wengine. Ya mume wangu, ya shemeji kichuguu chake, ya Chiriku na nyongeza. Akapeleka mezani. Akarudi, akavuta kigoda, akapakata sufuria.

Akaanza kukwangua ukoko.

Nikasubiri ainuke alichukue lile bakuli. Hakuinuka. Alikwangua taratibu, akatafuna, akanywa maji, akakwangua tena. Gauni lilikuwa limemteremka begani. Lilikuwa linampwaya siku nyingi, mimi nikidhani ni mambo ya uzee.

Ndipo nikainua macho juu ya kabati, nikaliangalia bakuli vizuri.

La bluu. Kisahani chenye pengo.

"Bibi, mama amejificha nyuma ya pazia."

Chiriku. Nani mwingine.

Nikatoka na viatu vyangu mkononi. Mama akaniangalia, akaangalia viatu, akauliza kwa upole kama darasa limehamia stoo.

Nikakosa cha kutunga. Nikamweleza yote: faili, makontena, wakili, jina lake kwa herufi kubwa. Alisikiliza bila kuacha kukwangua. Nilipofika mahali ambapo wakili anasema mgawaji lazima ajitengee, akaguna.

"Nijitengee vipi na upawa ninao mimi? Nikijipakulia kingi mtasema najipendelea. Nikijipakulia kidogo mtanionea huruma. Ukoko hauna kesi, mwanangu."

"Na bakuli langu, mama? Kwa nini linakuwa la kwanza?"

Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Wenye midomo wapo mezani, watajisemea. Wewe haupo. Asiyekuwepo nani atamwombea?"

Nikaweka viatu chini, nikaketi sakafuni kando ya kigoda chake.

Sasa sikilizeni. Usiku ule shetani alinijia na hoja nzuri kuliko za wakili. Ningeweza kuandika kwamba Mama Mkwe hutenga fungu kabla ya wote, nikaishia hapo. Wala si uongo! Nani angekuja kukagua kabati letu aione rangi ya bakuli? Mwombaji anakosa, mimi nathibitishwa, Chiriku ananunuliwa viatu.

Lakini fungu lililotengwa halikuwa la mgawaji. Na mimi ndiye niliyekuwa nalila.

Ijumaa nikampelekea Mkato ripoti. Nikaandika kwamba nimechunguza mahali penyewe. Kwamba Mama Mkwe hutenga, ila humtengea asiyekuwepo. Yeye mwenyewe hula ukoko. Kwamba mgawaji anayejitengea kwanza hajawahi kuonekana jikoni kwetu, kwa hiyo uvumbuzi ni mpya na mwombaji apewe hataza yake.

Chini nikaongeza sahihisho: "Waraka wa Kwanza una kosa. Uliposema anayechelewa hupewa kinachobaki, mwandishi hakuwa na taarifa kamili."

Mkato akasoma mpaka mwisho. Akachukua kalamu nyekundu. Akatia mkato mmoja, baada ya neno "ukoko". Akasaini.

Barua yangu ikaja baada ya muda. Nimethibitishwa kazini, kwa sharti kwamba nisiambatishe tena ndugu wa damu wala wa ndoa.

Kwa hiyo leo hii kuna kampuni ina haki, kwa sheria na kwa muhuri, juu ya wazo la kwamba anayegawa naye ale kwanza. Wamelipa mawakili kuipata. Na ushahidi kwamba wazo hilo ni jipya kabisa duniani ni mama mmoja aliyekaa kwenye kigoda na sufuria mapajani.

Siku hizi jioni nisizo na darasa upawa nashika mimi. Mara ya kwanza mama aligoma, akasema macho mengi hupunguza chakula. Nikamwambia basi afumbe.

Nilijaza bakuli la kwanza, nikalishindilia kwa mgongo wa upawa, nikamkabidhi mkononi.

Akalitazama kwa mashaka. "Hii si ile ya wale watu wa kompyuta? Watatushtaki."

"Hawawezi, mama," nikamwambia. "Yao ni ya mgawaji kujitengea. Hapa mgawaji ni mimi, nakutengea wewe. Nimelisoma dai lote."

Akatafakari kidogo. Kisha akala, na mara hii kwenye kiti, mezani, na sisi. Shemeji akauliza ukoko wa leo ameuchukua nani.

Ndugu msomaji, kabla hujalala leo nenda jikoni kwenu ukaangalie jambo moja tu. Usiangalie nani kapewa kidogo, huyo atajisemea mwenyewe. Mwangalie aliyeshika upawa, umuulize yeye amekula nini.

Na akikujibu "nimeshakula", usimwamini. Mimi ni mkaguzi, najua ninachosema.