Mama Mdogo Kazija Nyuma ya Pazia

Mama mdogo wangu Kazija anaogopa maiti kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, na kazi aliyoichagua ni kuosha maiti. Hakuna aliyemlazimisha. Tunakaa naye nyumba moja hapa Malindi tangu alipoachika, na kwa muda mrefu sikufahamu vipi mtu alitake jambo ambalo hata kulisikia likitajwa hataki.

Mchana hushona kofia ukumbini. Jeneza likipita uchochoroni, tukasikia wanaume wakileta tahalili, huiweka sindano chini akageuza uso ukutani.

"Limepita?" ataniuliza.

"Limeshapita."

"Chungulia tena."

Jambo lenyewe lilianza alipofariki bibi, mwaka wa hamsini na nne. Bibi alikuwa na donda kwenye titi, na alilificha hata kwa binti zake. Waliolijua ni wanawake waliomwosha. Wiki haijatimia, Kazija akaenda bombani kuteka maji, akamkuta mmoja wao akiwahadithia wenzake donda lile, ukubwa wake na harufu yake, na wenzake wanaziba pua kwa kicheko. Alirudi na ndoo tupu. Alikaa uani mpaka alasiri, kisha akamwambia mama, "Mimi n'tajifunza kuosha. Mwanamke wa mtaa huu akifa hatasemwa tena bombani."

Mama alicheka. "Wewe? Wewe unayelala na taa?"

"Mimi."

"Bora ujifunze kupika biriani, uitwe maharusini. Huko watu wanatembea wenyewe."

Kazija hakucheka. Alikwenda kwa Bi Mwatum, mwosha maiti wa mtaani kwetu, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi na tambuu mdomoni. Bi Mwatum alishangaa, maana hajapata kuona mtu anakuja kwa miguu yake kuitaka kazi ile. Akampokea. Akaanza kumpa majani ya mkunazi ayatwange, halafu akampa sanda azikate, halafu akamweka nje ya pazia apokee ndoo. Ndani hakumwingiza, na Kazija mwenyewe hakutaka.

"Nikishaacha kuogopa, ndo n'taingia," aliniambia.

Mwaka ukapita. Hofu haikutoka, bali aliona haya kuendelea kungoja, akaingia hivyohivyo. Maiti alikuwa Bi Mwanapili, mama yake Usi fundi seremala. Mimi nilikuwa uani na mama tukimenya vitunguu vya chakula cha msiba. Pazia lilikuwa limetundikwa kwa kamba pembeni mwa ua, na tulisikia maji yakimwagwa na Bi Mwatum akisoma kwa sauti ya chini.

Bi Mwatum alimwinua marehemu mabega ili alikamue tumbo, kama inavyopasa. Pumzi iliyobaki kifuani ikatoka, ikawa mguno mrefu. Wenye kazi yao wanaijua. Kazija hakuijua, na nadhani hata angeijua angekimbia. Sisi tulisikia kata ya maji inaanguka, tukamwona anatoka nje ya pazia, kalowa, hapepesi macho.

"Yu hai," akasema. "Kaguna. Yu hai."

Binti wa marehemu, Shemsa, alikuwa chumba cha pili. Alikuja mbio akalivamia pazia, kamba ikakatika, na wote tuliokuwa uani tukamwona Bi Mwanapili alivyo, na wanaume waliokuwa mlangoni wakageuza nyuso. Bi Mwatum alimtupia kanga. Shemsa alimshika mamake miguu akimwomba agune tena. Aliomba mpaka wanawake wakamwondoa.

Kile alichoapa kisitokee, Kazija alikuwa amekitenda kwa mkono wake.

Mtaa haukumwachia. Watoto wakimwona wanaguna. Bombani mwanamke mmoja akamwita, "Kazija, njoo nyumbani umtazame mama mkwe wangu, kalala tangu asubuhi, nataka kujua nianze kulia au nimpikie." Watu wakavunjika mbavu. Kazija akaacha kwenda bombani, na maji nikawa nateka mimi. Nikadhani mambo ya kuosha yamekwisha.

Siku moja Bi Mwatum akaja mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Mwatum," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Yule mkimbiaji wenu yupo?"

Akakaa mkekani mbele ya Kazija. "Hebu nambie, unataka nini hasa?"

"Nataka niache kuogopa."

"Basi kwangu hupati. Mimi naogopa. Juzi nimeosha kitoto, nimefika nyumbani nikatapika mpaka nyongo."

Nilikuwa mlangoni, nikashindwa kujizuia. "Sasa mbona wewe hukimbii?"

Mama akanifinya. Bi Mwatum akanijibu kama mtu mzima mwenzake. "Nikikimbia mimi, yule anabaki uchi peke yake."

Kazija aliukunja na kuukunjua upindo wa kanga. Kisha akasema polepole, "Mwanzo nlitaka mama asisemwe. Nlikuwa na uchungu nae. Sijui lini nligeuka nikaanza kujishughulikia mimi, naogopa siogopi, naogopa siogopi."

Bi Mwatum hakumsifu. Alisema atamwita kukitokea haja, akaomba maji ya kunywa.

Haja ilitokea, na ilikuwa mbaya kuliko tulivyoweza kufikiri. Alikufa Tabia, aliyecheza na Kazija tangu utotoni, alifia uzazini. Shule ilikuwa imefungwa, nikaenda nao. Njiani Kazija alisimama mara mbili akashika ukuta. Mama akamwambia, "Hakuna atakayekulaumu ukirudi."

"Tabia atanilaumu," akasema, akaenda.

Nilikaa mkekani karibu na pazia, karibu kuliko nilivyotaka. Maji yakaanza. Halafu nikausikia mguno uleule, mrefu, unatoka kwa mtu niliyemjua sauti yake, na mimi nikajikuta nimesimama. Wanawake wote walikaza macho kwenye pazia. Nilisikia kata inagonga ukingo wa ndoo, haraka haraka, kwa mkono unaotetemeka. Ikagonga, ikagonga. Lakini maji hayakusita. Kisha sauti ya Kazija, nyembamba, imepasuka katikati: "Mgeuze taratibu, Bi Mwatum. Nshamshika."

Pazia halikufunguka mpaka Tabia alipokwisha kuvikwa.

Alipotoka, mwanamke mmoja akamvuta pembeni. Ilikuwa imeenea kwamba Tabia karogwa, na kwamba ngozi yake imegeuka rangi. "Hebu tuambie bibi, ni kweli?"

"Nimemwona Tabia," Kazija akasema.

"Ndo tunakuuliza, yukoje?"

"Kavikwa. Muombeeni."

Mwanamke yule akabetua mdomo, lakini hakupata zaidi, na waliomfuata hawakupata.

Nyumbani nikamfuata chumbani. Nilikuwa nataka kujua kuliko wote, na nilidhani mimi nina haki. "Mama mdogo, niambie mimi tu. Simwambii mtu."

Alinitazama kama ananiogopa na mimi. "Na wewe ipo siku utalazwa pale," akasema. "Unataka nani akushike?"

Sikuwa nimepata kulifikiri jambo hilo. Nilitamani niondoke, lakini niliona lazima nijibu. "Wewe," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua ndoo aende akaoge, akafika mlango wa choo akarudi. Uso ulikuwa umemshuka tena, meno yanagongana, na jua liko juu.

"Njoo ukae hapa nje," akaniambia. "Usende popote. Zungumza mpaka nitoke."

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Mambo ya shule."

Nikakaa nimeegemea mlango, nikamtajia mito ya Afrika, mmoja baada ya mwingine, na kila nilipotua kuvuta pumzi aliuliza kutoka ndani, "Upo?"