Siku Niliyomsalimu Tata Nimesimama

Kabla mtu yeyote hajanikaribisha shuleni, nilipokewa na harufu ya polishi nyekundu ya sakafu. Ilikuwa imeingia kwenye mbao za madirisha, kwenye mablanketi, nadhani hata kwenye uji. Shule yetu ya bweni ya wasichana ilikaa juu ya kilima huko Muleba, na asubuhi isiyo na ukungu tuliona kisiwa cha Bumbire ziwani. Waliianzisha wamisionari wa Kiingereza, wote wanawake, wakaipanga kama shule walizosoma wenyewe kwao: mabweni yenye majina ya watu tusiowajua, kengele ya kila jambo, tai shingoni hata siku ya kufyeka nyasi, na chai ya saa kumi ambayo radi za Kagera hazikuweza kuiahirisha. Nilipofika, Waingereza walikuwa wameshaondoka zamani, ila desturi zao zilishikiliwa na Wahaya kwa bidii kuwapita wenye nazo. Ndizi na maharage tulikula kwa kisu na uma. Kwetu Kanazi chakula hicho humwagwa kwenye jani la mgomba, kila mtu akanyoosha mkono. Jioni ya kwanza nilikifukuza kipande kimoja cha ndizi sahani nzima, nikalala na njaa. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho.

Mkuu wa shule, Mwalimu Kemilembe, alikuwa Mhaya mwenzetu aliyesoma hapohapo chini ya wale wamisionari. Alivaa soksi ndefu nyeupe, na mgongo wake haukujua kuegemea kiti. Nilipopelekwa kwake mara ya kwanza nilipiga magoti kumsalimu, kama binti yeyote wa Kihaya aliyelelewa. Akanishika kiwiko, akaniinua. "Hapa tunapiga magoti kanisani tu," alisema. "Mtu mzima unamsalimu umesimama, unamtazama machoni." Hiyo ndiyo kanuni iliyoheshimiwa kuliko zote. Aliyeivunja, bweni lake lilikatwa alama, na kununiwa na bweni zima si jambo la mchezo. Mwanzoni magoti yangu yalikunjika yenyewe kila nilipokutana na mwalimu, wenzangu wakanicheka hadi basi. Baadaye yakatulia. Tena, niseme ukweli, nilianza kuipenda ile hali: ukimsalimu mtu umesimama, sauti hutoka kifuani, na hata jibu lake unalisikia vizuri zaidi.

Nyumbani, kusoma kwangu kulikuwa kumezua mgogoro. Baba mkubwa alisema shule ile ingemrudishia tata mtoto asiyejua kwao. Tata, yaani baba yangu, alikuwa mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache. Alijibu kwamba atanipeleka, kisha siku ya wazazi ataenda kutazama kwa macho yake, na atakachokiona ndicho kitakachoamua. Nilijua hilo. Ndiyo maana siku hiyo ilipofika nilifua sare mara mbili na kupiga viatu rangi mpaka mikono ikanuka. Nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa kile kilichohitajika.

Alikuja na mvua ya rasharasha, amevaa koti lake la kanisani, mkononi kapu la ndizi mbivu na kahawa ya kutafuna iliyofungwa vizuri kwa ajili ya walimu. Nilimkimbilia uwanjani. Nilipomfikia, magoti yakaanza kwenda chini, na papo hapo nikamwona kiranja wa bweni letu amesimama ubavuni, kalamu mkononi. Nikajinyoosha. Nikamtazama tata machoni, nikamwamkia nimesimama wima, mikono nyuma, mbele ya wazazi wa nusu ya mkoa. Tata hakuitikia. Aliweka kapu chini taratibu. "Kachukue sanduku lako," akasema.

Nilirudi nikiliburuta lile sanduku la bati huku nalia kwa sauti, na kelele zake zikamtoa Mwalimu Kemilembe barazani. Aliuliza kuna nini. Tata alivua kofia, akamwita waitu, neno letu la heshima. "Mwalimu, waitu, nashukuru kwa kazi. Ila nilileta binti, namkuta askari."

Mwalimu alinitazama, akalitazama sanduku. Kisha, pale kwenye nyasi zilizolowa, viranja wote wakiona, alipiga magoti na soksi zake nyeupe. Akamwamkia tata kwa Kihaya, lugha ambayo getini tuliiacha pamoja na kandambili. Hakuharakisha. Aliuliza habari za mji, za wazee, za kibanja cha migomba, za kahawa iliyochanua. Salamu ya namna hiyo haiachwi bila jibu, na tata akajikuta anajibu moja baada ya nyingine, uso ukilegea.

"Kanuni ni yetu, kosa si la mtoto," Mwalimu akasema, bado yuko chini. "Walioianzisha walitaka msichana ajue kumtazama mtu machoni. Mimi imenisaidia sana, waitu. Mwache ajue yote mawili."

Tata alizitazama soksi zile nyeupe zikilowa. "Inuka, mwalimu, unalowa," akasema mwishowe. "Abaki. Lakini likizo aje na magoti yake."

Kanuni haikubadilishwa. Jumatatu tulisimama wima kama kawaida. Ila kila siku ya wazazi iliyofuata, viranja walipewa kazi ya kupanga vikombe ndani ya bwalo hadi wageni wamalize kusalimiwa, na hakuna aliyeeleza kwa nini.

Sasa binti yangu naye anasoma bweni, shule ya kisasa pale Bukoba, isiyokataza magoti wala kuyadai. Ni shule nzuri. Ugomvi wake na wazazi huishia kwenye kundi la simu: mzazi anaandika kwa hasira, mwalimu anajibu kwa kifungu cha kanuni, wengine tunaweka vidole gumba upande tuupendao. Wiki iliyopita ulikuwa ugomvi wangu, kuhusu binti kunyimwa ruhusa ya kwenda msibani. Niliandika vizuri, kwa hoja, na mwalimu akanijibu vizuri, kwa hoja. Wote wawili tulikuwa sahihi, na hadi leo mtoto anapita katikati yetu ameinamisha kichwa.