Mashine Aliyoichagua Mume Wangu

Mume wangu ni fundi saa. Kibanda chake kinatazamana na duka la dawa, na kwa miaka ishirini na sita watu wamekuwa wakimwachia saa zao bila kudai hata karatasi. Wanamwita Sekunde, maana hapendi kuchelewa. Nayasema haya mapema ili mjue nilichokichezea.

Asubuhi moja nikiwa naanika nguo, nilimsikia akiongea na kaka yangu kwenye simu, anacheka kama kijana. "Leo nakwenda kuchagua mashine. Nikishaanza, shemeji, siachi. Najijua."

Mtaani kwetu mtu akisema mashine, anasema zile za kamari, nyuma ya stendi. Sikumuuliza. Mungu anisamehe, nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha maombi, nikalia. Nikamsihi asimwambie mtu. Kabla sijafika nyumbani, muuza mkaa alikuwa ananipa pole.

Baada ya siku mbili akina mama watano wa kikundi walijaa sebuleni. Mume wangu alikuwa mezani, bisibisi mdomoni, mbele yake kidude cha kijivu kimefunguliwa.

"Baba," mwenyekiti akaanza, "tumekuja kuikemea roho ya kamari."

Akaitoa bisibisi mdomoni. "Roho ya nani?"

Wote wakanigeukia mimi.

"Hii ni gemu ya kwenye TV," alisema polepole. "Ya zamani, ya kaseti. Nimeanza kukusanya. Fundi redio mmoja alikuwa na mashine tatu, nichague. Ya CD nimeiacha, jicho lake la kusomea CD likifa, basi tena. Ile ndogo ya mkononi, macho yangu haya hayaioni. Hii ina skrubu, inafunguka. Kaseti ikigoma, unaipuliza." Akaipuliza moja, fuu, kuwaonyesha.

"Sasa roho hii tunaitoaje, jamani," mmoja akanong'ona, "kwa bisibisi?" Wakavunjika mbavu. Mimi nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu.

Walipoondoka, hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Ungeniuliza tu, mama," alisema. "Jana watu wawili wamekuja kuchukua saa zao kabla sijazigusa. Nimeshinda nikijiuliza nimewakosea nini."

Hilo ndilo lililonimaliza. Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilisimama. "Nilimsingizia mume wangu. Hachezi kamari, hajawahi kucheza. Anakusanya gemu za zamani."

Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti, bila ubaya wowote: "Gemu gani hiyo, mama? Inaitwaje?"

Siku zote hizo iko juu ya meza yangu, naifuta vumbi, na hata jina lake sikuwa nimeuliza. Ikabidi nimgeukie mume wangu, mbele ya kanisa zima, nimuulize.