Twiga wa Mchongaji Alipofika Bwawani

Jumamosi basi la kanisa lilitutoa Shauri Moyo hadi mbuga ya wanyama. Mbele yangu walikaa mchongaji na mkewe. Bwana alipakata twiga wa mti, miguu ya mbele imetanuliwa, kichwa chini. Tajiri wa duka la vinyago alikuwa amemkataa, eti twiga hasimami hivyo.

“Na wewe mzee hujamwona akinywa,” mke akamwambia. “Umechonga maneno uliyosikia kwa mjomba wako.”

“Mara ile tulikuja wakati wa mvua, mama watoto. Maji yalikuwa kila mahali. Sasa kumekauka, watakuja hapa bwawani.”

Tukangoja. Wakaja pundamilia, wakaja ngiri, mikia juu kama eriali za redio. Mwishowe twiga akafika. Akatanua miguu kidogo, akatanua tena, akainama, akanywa. Basi zima likapiga makofi. Mchongaji akamwinua twiga wake dirishani.

Mke akamtazama wa bwawani, akamtazama wa mti. Akampokonya mumewe yule wa mti, akampangusa vumbi kwa leso, kisha akanigeukia.

“Sisi huchonga kitu kama kilivyo.”

Nimekaa kwenye ndoa miaka mingi. Hiyo “sisi” huja mume akishashinda.